Kifafa Kikipungua Nusu, Mnashangilia

Barua ya wazi kwa wenyeviti wa bodi, wakurugenzi watendaji na wakuu wa utafiti wa kampuni za bioteknolojia zinazotafuta dawa za maradhi ya neva na uraibu. Nakala kwa mamlaka za udhibiti wa dawa.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa muuguzi. Miaka ya mwanzo ya kazi nilikuwa wodi ya magonjwa ya ubongo, nikihudumia watu wa kifafa, Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka) na kiharusi. Baadaye nikahamia kliniki ya waraibu, na ndipo nilipo mpaka leo. Sina hisa katika kampuni yoyote na sina kesi na yeyote kati yenu. Nina neno moja tu, nalo nalisema hadharani kwa sababu likisemwa kwenye vikao vya ndani huandikwa katika kumbukumbu za kikao na kuishia humo.

Kila kampuni ya aina yenu ina jedwali la dawa inazozitafuta, lile wanaloonyeshwa wawekezaji. Juu utakuta kifafa, Parkinson, kipandauso, Alzheimer (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu). Chini utakuta pombe, kokeini, opioidi (heroini na jamii yake), nikotini. Kuna nyakati molekuli ni ile ile, imeandikwa juu na ikaandikwa tena chini. Maabara ni moja, panya ni wale wale, hata mkemia ni yule yule. Kinachobadilika ni mizani. Mgonjwa wa juu anapimwa kwa mizani ya mgonjwa, wa chini anapimwa kwa mizani ya mshtakiwa. Nataka mniambie kwa nini.

Tuanze juu. Dawa mpya ya kifafa ikijaribiwa, kipimo kinachokubalika duniani ni idadi ya wagonjwa ambao mishtuko yao imepungua kwa asilimia 50 au zaidi. Kupungua, si kwisha. Aliyekuwa akianguka mara kumi kwa mwezi akianguka mara tano, anahesabiwa kuwa dawa imemkubali, na nyinyi mnatoa tangazo kwa furaha. Nami nafurahi pamoja nanyi, maana najua tofauti ya mara kumi na mara tano kwa mtu anayepika jikoni au anayevuka barabara. Kipandauso ni hivyo hivyo: zinahesabiwa siku za maumivu katika mwezi, zikipungua nusu ni ushindi. Na levodopa je? Tangu George Cotzias aonyeshe mwaka 1967 kwamba dozi kubwa za dawa hiyo zinaweza kumrudishia mtu wa Parkinson mwendo wake, haijamponya hata mmoja. Ugonjwa unaendelea kula seli chini kwa chini. Zaidi ya nusu karne imepita, bado ndiyo tunayoitegemea, na sijamsikia mtu akisema levodopa imeshindwa.

Sasa tushuke. Mtu aliyekuwa akivuta kila siku, sasa anavuta mara moja moja, analala nyumbani kwake, amerudi kazini, anakula. Katika majaribio mengi ya dawa za uraibu huyo ameandikwa kuwa ameshindwa, kwa kuwa mkojo wake haukuwa safi siku ya kupimwa.

Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio la kuunganisha sindano ya naltreksoni na vidonge vya bupropioni kwa watu 403 wenye uraibu wa methamfetamini. Aliyehesabiwa kuitikia dawa ni yule ambaye angalau sampuli tatu kati ya nne za mkojo wake, mwishoni mwa awamu, hazikuwa na methamfetamini. Waliopewa dawa waliitikia 13.6 katika kila 100. Waliopewa plasebo, yaani dawa bandia, 2.5. Niliwasikia watu wakiguna. Lakini kwa hesabu ya watafiti wenyewe, ukiwatibu watu tisa, mmoja anapata nafuu ambayo asingeipata bila dawa. Tisa kwa mmoja! Wodini tunagawa kila siku dawa zenye hesabu dhaifu kuliko hiyo na hakuna anayeguna. Na huu ni ugonjwa ambao, hadi ninapoandika, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, haijaidhinisha dawa hata moja kwa ajili yake. Kwa kokeini pia hakuna.

Linganisheni na Alzheimer. Juni 2021 FDA iliidhinisha Aduhelm kwa njia ya haraka, kwa hoja kwamba picha za ubongo zilionyesha mabonge ya amiloidi, protini inayorundikana katika ugonjwa huo, yamepungua. Miezi kadhaa kabla ya hapo jopo la washauri wake liliulizwa kama inafaa kuutegemea utafiti mkuu wa dawa hiyo kuwa ushahidi wa msingi wa manufaa: kura 10 zilisema hapana, moja haikuwa na hakika, na ya ndiyo haikuwepo. Dawa ikapita. Januari 2024 Biogen, kampuni yake, ikatangaza kuiacha. Siombi mlango wa uraibu ufunguliwe kwa ulegevu wa namna hiyo, la hasha. Nataka tu muone kwamba mizani inaweza kulegezwa pale wenye nguvu wanapotaka ilegee, na pale wasipotaka inakazwa mpaka inakatika.

Najua jibu lenu la kwanza: si sisi, ni wadhibiti. Kwa sehemu ni kweli, ndiyo maana nakala imeenda kwao. Lakini wadhibiti wameshaanza kusogea. Ulaya iliidhinisha nalmefeni mwaka 2013 kwa ajili ya kupunguza unywaji wa pombe, si kuukomesha. Ushahidi wa dawa hiyo ulikosolewa sana, na ukosoaji ulikuwa wa haki. Kipimo kizuri hakiifanyi dawa dhaifu kuwa imara. FDA nayo, katika rasimu ya mwongozo wake wa mwaka 2015 kuhusu pombe, ilikubali wahesabiwe watu ambao hawakuwa na siku hata moja ya kunywa kupindukia, badala ya kudai wasiguse kabisa. Kwa hiyo mlango umeachwa wazi kidogo. Wa kuusukuma ni nyinyi, maana ndio mnaoandika itifaki, yaani mipango ya majaribio, na kuzipeleka kwa wadhibiti. Ni wangapi kati yenu mmewahi kwenda kwa mdhibiti kumtetea mraibu kwa bidii ile ile mliyomtetea nayo mgonjwa wa kipandauso?

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo hoja yangu yote ilipo.

Wodini nilimhudumia mzee mmoja mwenye Parkinson, mtu mpole, mwenye hesabu kali kwa fedha zake. Aliongezewa dawa ya kundi linaloiga dopamini, kemikali ya ubongo inayoendesha mwendo na hamu. Mikono ikatulia, hatua zikarudi. Baada ya muda binti yake alinivuta pembeni, akaniuliza kwa aibu kama ugonjwa unaweza kumgeuza mtu tabia, maana baba anacheza kamari usiku kucha na akiba imekwisha. Sikuwa na jibu. Daktari alikuwa nalo: si ugonjwa, ni dawa. Pramipeksoli na ropiniroli, dawa zinazoshika vipokezi vya dopamini (sehemu za seli zinazoipokea), zinaweza kumwamshia mtu tamaa asiyoweza kuizuia: kamari, manunuzi, ulaji, ngono. Tangu miaka ya 2000 jambo hilo limeandikwa na madaktari wengi, na sasa onyo lipo kwenye karatasi ya dawa yenyewe. Mzee alipunguziwa dozi taratibu, na kamari ikaisha hamu. Familia ilimlilia, haikumlaani. Hakuna aliyemwambia ajikaze. Hakuna aliyemtaka asaini ahadi kabla ya kupewa tiba.

Waheshimiwa, hilo ni jaribio ambalo hakuna kamati ya maadili ingeliruhusu lifanywe makusudi. Umechukua mtu mwenye maadili yake kamili, mwenye umri wa kutosha, asiye na rafiki mbaya wala utoto mgumu wa kusingizia. Umemgusa kipokezi kimoja kwa molekuli moja, akawa mraibu. Umeiondoa molekuli, uraibu ukaondoka. Dawa za juu ya jedwali lenu zimethibitisha asili ya ugonjwa wa chini ya jedwali lenu. Mnalijua hili kuliko mimi, maana wakemia wenu ndio waliovichora vipokezi hivyo. Basi kijana anayekuja kliniki kwangu, ambaye dopamini yake iliguswa na unga badala ya kidonge chenye nembo, kwa nini aanze safari akiwa amepungukiwa heshima? Mkuki kwa nguruwe.

Kuna lawama nyingine ninayoisikia kila wiki, na naisikia hata kwa watu wa kampuni: kwamba methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini, ni kubadilisha ulevi mmoja kwa mwingine. Mgonjwa anakunywa dozi yake kila siku, akikosa anaumwa, kwa hiyo hajapona. Sawa. Na fenobarbitoni? Inatumika kwa kifafa tangu mwaka 1912. Mgonjwa huinywa kila siku kwa miaka, mwili wake huizoea, na akiiacha ghafla anaweza kupata mishtuko mibaya kuliko ya mwanzo. Mwili umeitegemea, kwa maana kamili ya neno hilo. Lakini sijapata kuona mtu akimsimanga mwenye kifafa kwamba amebadilisha ugonjwa kwa ulevi. Tunamsifu kwa kutokosa dozi. Tangu Vincent Dole na Marie Nyswander wachapishe kazi yao ya methadoni mwaka 1965, ushahidi umerundikana kwamba wanaobaki kwenye dawa hufa wachache kuliko walioachwa bila. Shirika la Afya Duniani liliingiza methadoni na buprenofini katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005. Bado nasikia wakuu wa utafiti wakisema dawa bora ya uraibu ni ile ya kumaliza kozi na kuondoka. Labda. Ikipatikana nitaigawa kwa mikono miwili. Ila asiyedai hilo kwa kifafa asilidai kwa mraibu.

Sasa nigeuze upande wa pili, maana mizani sawa ina makali pande zote mbili. Mkitaka sisi wahudumu tuwaamini, lazima mkubali kwamba historia ya sekta yenu katika jambo hili ni nzito. Bayer iliipeleka heroini sokoni mwaka 1898 kama dawa ya kikohozi. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1996, kampuni ya Purdue iliitoa OxyContin, dawa ya maumivu ya jamii ya opioidi, ikiambatana na maelezo kwamba kuyeyuka kwake polepole kunaaminika kupunguza uwezekano wa kutumiwa vibaya. Wauzaji walizunguka kwa madaktari wakiwatuliza. Moja ya nguzo za utulizaji ule ilikuwa barua fupi ya aya moja iliyochapishwa mwaka 1980 katika jarida la kitabibu la New England, ikisema kwamba kati ya wagonjwa 11,882 wa hospitali waliopewa dawa za opioidi, ni wanne tu walioonekana kupata uraibu. Haikuwa utafiti wa watu wanaotumia dawa nyumbani kwa miezi, ilikuwa hesabu ya waliolazwa. Uchambuzi wa mwaka 2017 ulikuta barua ile imenukuliwa mara 608, na karibu robo tatu ya walioinukuu waliitumia kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra. Aya moja! Purdue ilikiri makosa ya jinai mahakamani mwaka 2007, ikakiri tena mwaka 2020.

Siwatwiki mzigo wa Purdue. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa kama kampuni. Nawaambia tu kwa nini mkija na dawa mpya ya maumivu, ya usingizi au ya kutuliza arosto, mkasema haina hatari ya kuzoeleka, sisi hatupigi makofi. Tunataka data. Majaribio yote ya kupima kama dawa inavutia, yote ya wanyama na yote ya binadamu, yawe hadharani kabla ya siku ya kwanza ya mauzo, pamoja na yale yaliyotoka vibaya.

Na hao mnaowajaribia? Vigabatrini ni mfano unaonikera tangu siku niliyousoma. Ni dawa ya kifafa, na ni nzuri kwa aina fulani za kifafa cha watoto wachanga. Lakini inaweza kupunguza upeo wa macho kuona pembeni, upotevu ambao haurudi. Onyo la FDA linataja asilimia 30 ya wagonjwa au zaidi. Kwa mtoto ambaye degedege inamharibia ubongo, daktari na wazazi wanaweza kuukubali mzani huo. Baadaye dawa hiyo hiyo ikajaribiwa kwa waraibu wa kokeini na methamfetamini. Majaribio ya Marekani hayakuonyesha nafuu ya kutosha na mpango ukafa. Sisemi haikupasa kujaribiwa. Kokeini inaua, na macho ya washiriki yalikuwa yakipimwa. Ninachouliza ni kama mazungumzo ya ridhaa na mtu anayeumwa na arosto, asiye na kazi, ambaye posho ya kushiriki ni fedha nyingi kwake, yalifanyika kwa utulivu ule ule wa mazungumzo na mzazi wa mtoto mwenye kifafa. Mtu mwenye uraibu ana akili ya kuamua, hilo nalisema kila mara wanaponiambia kinyume. Lakini umpe muda. Usimsainishe asubuhi ambayo hajalala.

Hatari haiwapati waraibu peke yao, nakubali. Januari 2016 huko Rennes, Ufaransa, watu wenye afya njema walijitolea kujaribu molekuli BIA 10-2474 ya kampuni ya Kireno Bial, iliyolenga kimeng'enya kinachovunja kemikali za mwili zinazofanana na za bangi. Jioni ya tarehe 10 mmoja wao alipelekwa hospitali. Asubuhi ya tarehe 11, wenzake wa kundi lile lile la dozi wakapewa dozi nyingine. Yule wa kwanza alifariki, na wenzake kadhaa wakalazwa kwa madhara ya ubongo. Kinachoniumiza ni usiku ule mmoja katikati. Palikuwa na muda wa kupiga simu na kusema simamisheni. Kila mmoja wenu anapaswa kumjua kwa jina mtu katika kampuni yake mwenye mamlaka ya kusimamisha jaribio saa nane za usiku bila kumwamsha mkurugenzi, na kama mtu huyo hayupo, barua hii isomwe baada ya kumteua.

Kuna jambo dogo linalotokea mwishoni mwa majaribio, ambalo halionekani katika grafu zenu. Katika kifafa ni desturi kwamba jaribio likiisha, mgonjwa aliyenufaika anaingizwa katika kipindi cha nyongeza na kuendelea kupewa dawa, mara nyingi kwa miaka. Katika uraibu, mara nyingi wiki 12 au 24 zikifika, dawa inakwisha siku ya mwisho ya fomu. Mtu anapewa asante na namba ya simu ya kliniki kama yangu. Nami nampokea, sina ile dawa, sijui hata kama alikuwa kwenye dawa au kwenye plasebo, na siambiwi. Kwa opioidi hili si suala la ukarimu. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba hatari ya kufa hupanda mtu anapoacha methadoni, hasa katika wiki nne za mwanzo: mwili umepoteza uzoefu wake, dozi aliyokuwa akiihimili zamani sasa inamuua. Azimio la Helsinki, kanuni za maadili za utafiti kwa binadamu, linataka mipango ya baada ya jaribio ipangwe kabla ya jaribio kuanza. Mnalitaja katika kila itifaki. Basi lipangieni bajeti.

Jambo la nani anaruhusiwa kuingia kwenye jaribio nalo linanihusu. Wagonjwa wangu wengi wana uraibu pamoja na sonona, au pamoja na kifafa kilichotokana na pombe, au wanatumia vitu viwili kwa mpigo. Itifaki zenu zinawaondoa mlangoni, ili data iwe safi. Kisha dawa inaidhinishwa na kuletwa kwangu niwape watu wale wale waliozuiwa mlangoni. Vareniklini, dawa ya kuacha sigara, iliidhinishwa mwaka 2006, na mwaka 2009 ikawekewa onyo zito kuhusu afya ya akili. Kwa miaka tuliiogopa. Mwaka 2016 jaribio lililoitwa EAGLES, lenye washiriki zaidi ya 8,000, karibu nusu yao wakiwa na maradhi ya akili, halikukuta ongezeko kubwa la madhara hayo, na onyo likaondolewa mwaka huo huo. Kuwajumuisha watu halisi kulitoa jibu ambalo kuwafungia nje kusingelitoa milele. Lakini kumbukeni, jaribio lile lilifanywa kwa sababu wadhibiti walilidai. Na vareniklini ni ndugu wa sitisini, dawa ya mmea iliyokuwa ikiuzwa Bulgaria tangu miaka ya 1960 kwa ajili hiyo hiyo, huku sehemu kubwa ya dunia ikiipita bila kuitazama.

Fedha sizisahau. Najua dawa nyingi za ubongo zinazoingia majaribio ya binadamu hazifiki sokoni, na kwamba mwekezaji hana subira ya muuguzi. Najua pia kwamba mgonjwa wa chini ya jedwali mara nyingi hana bima, hana chama cha kumtetea, wala mtu maarufu wa kuvaa utepe wake. Kwa hiyo fedha zikipungua, kinachokatwa kwanza ni mpango wa uraibu, na tangazo linasema kampuni inapanga upya vipaumbele vyake. Lakini msiseme soko halipo. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo milioni 2.6 vilivyotokana na pombe mwaka 2019 pekee. Umoja wa Mataifa, katika ripoti ya mwaka 2024, ulikadiria watu milioni 64 wenye matatizo ya matumizi ya dawa za kulevya, na katika kila 11 ni mmoja tu aliyekuwa kwenye tiba. Wagonjwa wapo, tena wamejaa. Kilichokosekana ni mtu wa kuwalipia, na hapo serikali zina deni lao, ambalo nitalidai kwa barua nyingine.

Mpango ukikatwa, basi usizikwe. Chanjo ya nikotini, NicVAX, ilishindwa mwaka 2011 katika majaribio mawili ya awamu ya tatu. Tulijua imeshindwa, na watafiti wengine wakajifunza kwamba kuuchochea mwili utengeneze kingamwili za kutosha kwa watu wengi ni kazi ngumu kuliko ilivyodhaniwa. Kushindwa kwa namna hiyo ni mchango. Kushindwa kunakofungiwa kabatini kwa sababu molekuli imeuzwa kwa kampuni nyingine ni dhuluma kwa kila mshiriki aliyetoa damu yake. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani limetaka matokeo makuu yawekwe katika rejista ya majaribio ndani ya miezi 12 baada ya jaribio kwisha na kuchapishwa jaridani ndani ya miezi 24. Hakuna kifungu kinachosema isipokuwa bei ya hisa ikishuka.

Nanyi wa mamlaka za udhibiti, naomba jambo moja tu. Itifaki ya dawa ya uraibu ikija mezani kwenu ikiwa na kipimo kimoja cha yote au hakuna, irudisheni na mwulize mwombaji: ungeleta kipimo hiki kwa kifafa? Akijibu hapana, aandike sababu, na sababu hiyo ichapishwe pamoja na uamuzi wenu.

Kwenu wakurugenzi, sitaki majibu ya ofisi ya mawasiliano. Nataka ukurasa mmoja katika ripoti yenu ijayo ya mwaka. Pale mnapoorodhesha mipango mliyoisitisha, andikeni kwa kila mpango wa uraibu: watu wangapi walishiriki, kipimo gani kilitumika, wangapi walipata nafuu ya nusu au zaidi hata kama hawakuacha kabisa, matokeo yamewekwa wapi, na walionufaika wanaipata wapi dawa sasa. Kisha wekeni safu ya pili yenye maswali hayo hayo kwa mipango yenu ya kifafa, ili tuzisome pamoja.

Wenu,
Muuguzi, kliniki ya waraibu